Barabara aliyoichagua mwenyewe: mwanamke wa Salamabila aliyeacha kazi Ubelgiji na kuzunguka Ulaya kwa gari

Salamabila (Kabambare) – Mwaka jana, kuanzia mwisho wa mwezi wa sita, familia kadhaa zilizohama vita na kupokelewa hapa Salamabila zilipata habari za Ulaya kwa njia ambayo hazikuizoea. Habari hizo hazikutoka redioni wala kwa mtu wa shirika. Zilitoka kwa mwanamke wa miaka 46, mtoto wa hapa hapa, aliyeacha kazi yake Ubelgiji, akaingia barabarani na gari lake kuukuu, na kwa siku 24 akapita Ubelgiji, Ufaransa, Italia, Uswisi na Ujerumani. Kila alipolala alituma ujumbe wa sauti kwa mama yake. Mama hana tabia ya kula peke yake, wala hakusikiliza peke yake.

Kwa ombi la familia, jina lake halitajwi. Wanaomfahamu watamtambua, na wasiomfahamu wanaweza kumchukua kama dada yao, maana karibu kila nyumba ya Salamabila ina mtu wake aliye mbali.

Kazi aliyoiacha

Kwa miaka kumi na moja mwanamke huyu alifanya kazi katika nyumba ya wazee, karibu na mji wa Liège. Huko Ulaya wazee wengi hawakai na watoto wao. Wanalipa, au serikali inawasaidia kulipa, wakae pamoja kwenye nyumba kubwa yenye wauguzi na wapishi. Yeye alikuwa anaamsha, anaosha, anavalisha na kulisha. Zamu ya asubuhi ilianza saa kumi na mbili na nusu, na kabla ya chai alipaswa kuwa amemaliza watu kumi na wawili. Alijua dawa ya kila mmoja na nani anakunywa kahawa bila sukari. Mgongo wake ulianza kumsumbua mwaka wa sita.

Mama yake mwenyewe amepita miaka 70. Siku kijiji chao kilipohamwa usiku kwa sababu ya mapigano kati ya jeshi FARDC na Maimai Malaika, bibi huyo alitembea siku mbili na wajukuu watatu mpaka Salamabila. Alilala wiki za kwanza chini ya turubai. Binti alipata habari hiyo kwa simu akiwa kazini, mikono ikiwa na sabuni, akimwosha mama wa mtu mwingine.

Aliomba likizo ya wiki sita ili aje. Akapewa siku kumi. Mtu yeyote wa Maniema anajua kwamba siku kumi hazitoshi kufika na kurudi. Ni ndege hadi Kinshasa, ndege nyingine hadi Kindu ikipatikana, kisha pikipiki kwenye barabara ambayo mvua ikinyesha haiitwi tena barabara. Akaandika barua ya kuacha kazi.

Sheria ya Ubelgiji haimruhusu mtu kuacha kazi leo na kuondoka kesho. Aliyefanya kazi zaidi ya miaka minane anatakiwa kutoa taarifa ya wiki 13. Na anayeacha kwa hiari yake anaweza kunyimwa kwa muda zile pesa ambazo serikali huwapa wasio na kazi. Yeye alijua yote mawili, akatia sahihi.

Lakini katika zile wiki 13 hali ilibadilika tena. Mapigano yaliziba njia, na mama yake akampigia simu kumwambia asije. "Ukikuja sasa, mwanangu, utakuwa mtu mwingine wa kukimbia naye," alimwambia. "Subiri."

Mwanamke akabaki na gari, pesa za tiketi ambazo hakununua, na siku ambazo hazikuwa na zamu.

Ugomvi wa pesa

Jambo hili halikupita bila maneno. Aliposema kwamba nusu ya pesa za tiketi ataituma nyumbani na nusu nyingine ataitumia kuzunguka Ulaya, kaka yake alikasirika. Kaka anachimba dhahabu kwenye mashimo ya pembeni mwa Namoya, na kwa miezi mingi alikuwa akiomba pesa za kununua motopompe ya kutoa maji shimoni. Kwake hesabu ilikuwa wazi.

"Dada, watu hapa wanalala njaa, wewe unaenda kutembea?"

Swali hilo si la kudharau. Kila mwenye ndugu Ulaya amewahi kuliuliza, kwa sauti au kimoyomoyo. Na kila aliye Ulaya amewahi kulisikia hata pale ambapo halikuulizwa. Binti hakuwa na jibu zuri. Alisema tu kwamba amechoka, na kwamba katika maisha yake yote hajawahi kushika njia bila mtu kumfukuza nyuma au kumngojea mbele.

Hapo alikuwa anasema ukweli. Mwaka 1998, vita vya pili vilipoanza, alikuwa na miaka 19. Alitoka Kabambare na wajomba zake kwa miguu, wakapita Fizi hadi ziwa Tanganyika, wakavuka kwa mtumbwi usiku hadi Kigoma, wakapelekwa kambi ya Nyarugusu. Huko alikaa miaka mingi. Huko aliolewa, na mume wake alipopata karatasi za Ubelgiji, akamfuata kwa ndege na watoto wawili. Mume amekwisha kufariki. Watoto wamekuwa wakubwa: mmoja anasoma, mwingine anafanya kazi. Safari zote hizo, anasema, alizisafiri akiangalia visigino vya mtu aliyekuwa mbele yake.

Aliyemaliza ugomvi ni mama. Alichukua simu mkononi mwa mtoto wake wa kiume na kusema maneno ambayo majirani bado wanayarudia:

"Mimi nimetembea sana na sijaona kitu. Mtu anayekimbia anahesabu watoto, haangalii miti. Wewe utembee ukiangalia. Halafu utuambie."

Ile nusu ya pesa iliyofika nyumbani ililipa mabati ya chumba kimoja na ada ya shule ya wajukuu. Motopompe haikununuliwa.

Kasongo imeandikwa kwenye jiwe, kando ya bahari

Kabla ya kutoka Ubelgiji alikwenda kwanza mahali patatu ambapo, kwa miaka yote hiyo ya zamu, hakuwahi kupata muda wa kufika.

Pa kwanza ni Tervuren, nje kidogo ya Brussels, kwenye jumba la makumbusho la Afrika. Mwaka 1897 mfalme Leopold wa Pili alifanya maonyesho hapo na kuleta Wakongomani 267, wakakaa kwenye vijiji vya kuigiza ili Wabelgiji waje kuwatazama. Saba walikufa. Wamezikwa kando ya kanisa la Tervuren, na majina yao yanajulikana: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange.

Ndani ya jumba kuna ukuta wenye majina ya Wabelgiji 1,508 waliokufa Kongo kati ya mwaka 1876 na 1908. Kwa muda mrefu hapakuwa na jina la Mkongomani hata mmoja. Sasa msanii Freddy Tsimba wa Kinshasa ameyaandika majina ya wale saba kwenye vioo vya madirisha yanayotazamana na ukuta huo. Jua likitoka, kivuli cha majina ya Wakongomani kinaangukia juu ya majina ya Wabelgiji. Mwanamke alifika siku ya mawingu. Alikaa kwenye benchi akingoja jua, na lilipotoka kwa dakika chache, aliyasoma majina saba polepole kwenye simu ili mama yake ayasikie.

Pa pili ni bustani ya Cinquantenaire, katikati ya Brussels. Kuna mnara mkubwa wa mwaka 1921 wa kuwasifu Wabelgiji waliokuja Kongo. Unasema kwamba ushujaa wa jeshi la Ubelgiji ulimwangamiza Mwarabu mfanyabiashara ya watumwa. Neno linalomtaja Mwarabu limekwanguliwa kwenye jiwe. Vita inayosemwa pale ni ile iliyopiganwa huku kwetu: Nyangwe ilianguka mwezi wa tatu mwaka 1893, na Kasongo tarehe 22 mwezi wa nne mwaka huohuo.

Pa tatu ni Blankenberge, mji wa pwani, ambako watu huenda kula aiskrimu na kuota jua. Pale, uso wake ukitazama bahari, kuna mnara wa mwaka 1900 wa Luteni Lippens na Sajini De Bruyne. Wote wawili waliuawa Kasongo mwezi wa kumi na mbili mwaka 1892, walipokuwa mikononi mwa watu wa Sefu, mwana wa Tippu Tip. De Bruyne alikuwa mtoto wa Blankenberge. Inasimuliwa kwamba kabla ya kuuawa alipelekwa ukingoni mwa mto Lomami kuzungumza na wenzake waliokuwa ng'ambo. Walimshauri atoroke, naye akakataa kumwacha mkubwa wake nyuma. Kwa hilo mji wake ukamjengea mnara.

Ujumbe wa usiku ule ulikuwa mrefu. Mwanamke alieleza kwamba watu walikuwa wanapita na watoto na mbwa, hakuna anayeangalia, na yeye peke yake amesimama, mtu wa Maniema, mbele ya kifo kilichotokea kwao. Alisema De Bruyne alikuwa na moyo. Kisha akasema kwamba katika vita ile watu weusi walikufa pande zote mbili, askari, wapagazi, wanawake waliobeba vyungu, na kwamba mnara hauna jina lao hata moja.

Jibu la Salamabila lilimkuta asubuhi. Wanawake hawakusema lolote juu ya Lippens wala De Bruyne. Mmoja alitaja jina la mtoto wake aliyezikwa njiani wakati wa kukimbia, chini ya mti wa mwembe, na kijiji kilichokuwa karibu. Akaongeza: "Wewe una kalamu huko. Andika." Baada yake sauti nyingine, jina jingine. Aliegesha gari na kununua daftari.

Bariyeri za Ufaransa

Kutoka Ubelgiji kuingia Ufaransa hakuona mpaka. Kulikuwa na kibao tu, kama kibao cha kuonyesha sekta. Wasikilizaji wa Salamabila hawakuamini. Hapa, mtu akitoka kwenda Kasongo na gunia moja la mchele, anajua atasimama bariyeri ngapi na atatoa kiasi gani kwa kila moja, kwa mwenye sare na kwa asiye na sare. Swali lao la kwanza likawa: "Huko bariyeri ni ngapi?"

Alianza kuhesabu, na aligundua kwamba Ufaransa ina bariyeri nyingi sana. Zinaitwa peaje, neno tunalolijua. Unachukua tiketi kwenye mashine, unaendesha kilomita mia, mia mbili, unafika kwenye mlango mwingine, unalipa, ubao unainuka. Hakuna askari wala "leta kitu kidogo". Unapewa risiti, na ukipenda unaweza kuiweka mfukoni mpaka mwisho wa dunia. Kwa safari nzima, peaje za Ufaransa na Italia zilimla karibu euro 150. Mafuta yalimla karibu euro 340. Hotelini hakulala. Alilala ndani ya gari kwenye viwanja vya kambi vyenye bafu na umeme, na chakula alipika kwa jiko dogo la gesi.

"Kumbe hata wazungu wanalipa bariyeri!" alisema mama mmoja, na watu walicheka. Lakini mzee mmoja aliyekuwa pembeni aliuliza pesa hizo zinakwenda wapi. Jibu lilikuja kesho yake: zinatengeneza barabara ileile uliyoilipia. Mzee akatikisa kichwa, akanyamaza.

Kusini mwa Paris aliendesha masaa mawili katikati ya ngano bila kuona mtu shambani. Wanawake walitaka kujua nani anapalilia. Akasema ni dawa na mashine. Wakataka kujua basi vijana wanafanya nini. Akasema vijana wako mjini. Wakasema hapo hakuna tofauti na Salamabila: vijana nao wameacha mashamba, wako mashimoni.

Kijana wa Ventimiglia

Usiku mmoja tu ujumbe wake ulileta ubishi ambao haujaisha mpaka leo.

Alifuata pwani kutoka Marseille, akapita Nice na Menton, akaingia Italia kwenye mji unaoitwa Ventimiglia. Yeye alipita bila kuulizwa kitu. Upande wa pili, kwa wanaotoka Italia kuingia Ufaransa, hali ni nyingine. Tangu mwaka 2015 Ufaransa imerudisha ukaguzi, na polisi wanapanda hata kwenye treni. Wanaokosa karatasi wanarudishwa. Kwa hiyo Ventimiglia ina watu wengi waliokwama, Waafrika na wengine, wanaolala karibu na mto na chini ya daraja, wakijaribu leo na kesho.

Alipokuwa ananunua mkate, kijana mmoja alimsikia akirekodi ujumbe kwa Kiswahili. Akamsalimu: "Mama, jambo." Alikuwa mtoto wa wazazi wa Kongo, aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Alikuwa amepita jangwa na bahari. Mguu mmoja alikuwa anauburuta. Waliketi, wakala. Kisha kijana akauliza kama mama anaweza kugeuza gari na kumvusha: ni kilomita chache tu, na polisi hawamsimamishi mwanamke mwenye namba za Ubelgiji.

Alikataa. Anayemvusha mpaka mtu asiye na karatasi anaweza kushtakiwa, na yeye, asiye na kazi tena, aliogopa kuingia kwenye kesi. Alimchajia simu, akampa mkate, sabuni, euro hamsini na soksi mpya. Kijana alisema aksanti mara mbili. Mwanamke aliondoka, na baada ya kilomita kumi akasimama pembeni ya barabara, akarekodi yote hayo, pamoja na ukimya wake katikati.

Kule Salamabila, wengine walisema alifanya vizuri: aliyebebwa na mtumbwi asiutoboe. Wengine walikasirika. "Nani alimvusha yeye Tanganyika usiku ule?" aliuliza mama mmoja aliyehama kwa mara ya nne. "Yule mwenye mtumbwi naye hakuwa na woga?" Mama mzazi hakumtetea binti yake wala kumlaumu. Alisema kwamba mwaka 1998 mwenye mtumbwi alidai pesa, nguo zote mbili mpya, na redio, na kwamba hata hivyo kila mwaka anamwombea dua.

Mwanamke hajajitafutia udhuru. Anasema alijifunza siku ile kwamba barabara hiyohiyo, saa hiyohiyo, kwa mtu mmoja ni matembezi na kwa mwingine ni ukuta, na kwamba kati yao kuna kijitabu kidogo tu cha paspoti. Alikuwa upande mmoja miaka 25 iliyopita. Sasa yuko upande mwingine, na hakuhisi vizuri kama alivyofikiri.

Daraja na shimo

Baada ya hapo anapita Genova. Watu wa redio watakumbuka: tarehe 14 mwezi wa nane mwaka 2018, daraja la Morandi lilianguka katika mji huo na watu 43 wakafa. Amepita juu ya daraja jipya, lililofunguliwa mwezi wa nane mwaka 2020, miaka miwili tu baadaye. Alipolisema hilo, wenye pikipiki waliokuja kusikiliza walitaka arudie tarehe. Wao wanajua madaraja ya miti miwili ambayo dereva anashuka, abiria anashuka, na pikipiki inabebwa.

Lakini kilichowashika watu wa Salamabila kuliko vyote ni tuneli ya Gotthard, Uswisi. Ili kutumia barabara kuu za Uswisi unanunua kibandiko cha franka 40 za huko, kwa mwaka mzima. Kwenye mpaka ndipo aliposimamishwa kwa mara moja tu katika safari yote: paspoti, fungua buti, pita. Kisha barabara inapanda, milima inakuja karibu, na ghafla gari linaingia ndani ya mlima. Tuneli ina urefu wa karibu kilomita 17. Walianza kuichimba mwaka 1970 na kuifungua mwaka 1980.

Hapa ni mji wa wachimbaji. Maswali yalikuja kwa wingi kuliko siku yoyote. Walitegemeza mwamba kwa nini? Maji walitoa vipi? Hewa inaingia wapi? Wangapi walikufa? Na swali la kijana mmoja, ambaye mikono yake ilikuwa bado na udongo mwekundu: "Kilomita 17 ndani ya jiwe, na hawakuwa wanatafuta dhahabu?"

"Walikuwa wanatafuta upande wa pili," alijibu mwanamke siku iliyofuata.

Usiku ule kaka yake, ambaye kwa majuma matatu hakutuma neno, alirekodi ujumbe wake wa kwanza. Hakuomba msamaha wala hakuomba pesa. Aliuliza kama mashine za kutoa maji kwenye tuneli ni za umeme au za mafuta.

Baada ya safari

Kutoka Uswisi alishuka na mto Rhine, akapita Ujerumani hadi Köln, akarudi Liège. Kwa jumla ni zaidi ya kilomita 2,800. Gari lilihitaji breki mpya, na akaunti yake ilikuwa karibu tupu.

Maisha hayakumngojea kwa mikono miwili. Pesa za wasio na kazi alikosa kwa wiki kadhaa, kama alivyoogopa. Sasa amepata kazi katika nyumba nyingine ya wazee, siku tatu kwa wiki, na mshahara ni mdogo kuliko wa kwanza. Ameanza tena kuweka pesa za tiketi. Barabara ikitulia, anataka kuja mwaka huu, na amekwisha kumwambia mkubwa wake mpya tangu siku ya kwanza kwamba ataomba wiki sita. Kaka bado anasema nusu ile ya pesa ingefanya kazi kubwa zaidi kwenye shimo. Labda ni kweli. Mama anasema mabati hayavuji, na hilo nalo ni kweli.

Lile daftari lilikuwa na majina 23 aliporudi. Alipiga picha kila ukurasa na kuzituma. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, naye mkimbizi wa ndani, aliyanakili kwa mwandiko mzuri kwenye daftari lingine linalokaa kwa mama: jina, kijiji alikotoka, mahali alipozikwa kama panajulikana. Watu wanakuja kusahihisha. Mmoja aliandikwa kwa jina la baba mdogo badala ya baba. Mwingine alizikwa ng'ambo ya mto, si upande huu. Mtoto mmoja alikufa kabla ya kupewa jina, na mama yake aliomba aandikwe hivyohivyo, mtoto wa siku tano.

Wiki mbili zilizopita alikuja mwanamke mmoja kutoka upande wa soko, akiwa na haraka. Mtoto wake wa kiume alikuwa jina la kumi na nne. Alipotea usiku wa kukimbia, na watu walisema walimwona ameanguka. Sasa amepiga simu kutoka Kalemie, yuko hai, anabeba mizigo bandarini. Mwalimu alitaka kulifuta jina kwa wino. Mama yule aliomba kalamu, akalipiga mstari mwenyewe.

Majina yaliyobaki sasa ni 22, pamoja na yale yanayoongezwa.